Pi Dokhumi na Nguo Nyeusi Iliyochuja

Marehemu Pi Dokhumi, mfumaji wa mji wetu wa Thenzawl, anazikwa leo Jumatano tarehe 9 Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Wasifu huu unasomwa kwa niaba ya familia na Remsangi, binti wa mdogo wake. Kabla ya kuanza, waombolezaji wajulishwe jambo moja. Kwa miaka ishirini na mmoja jina la Pi Dokhumi limetajwa hapa mjini pamoja na nguo nyeusi iliyochuja juu ya jeneza. Kuna waliolitaja kwa kicheko na kuna waliolitaja kwa kunong'ona. Wazee wa familia walipoipitia karatasi hii jana walishauri sehemu ya nguo iondolewe, kwa kuwa msibani husemwa mema. Haikuondolewa. Mema yake makubwa kuliko yote yamo ndani ya sehemu hiyo, na jina lake halitafukiwa likiwa na doa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Mualhlun, mtoto wa tatu kati ya sita wa Pu Dokunga na Pi Saithangi. Ulikuwa msimu wa kuchoma mashamba ya mlimani, na mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyo alitoka tumboni akikohoa moshi na kubisha, kisha kikohozi kikaisha.

Alisoma shule ya kijiji hadi darasa la nne. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba ana akili lakini anauliza mno. Cheti hicho kiliungua pamoja na nyumba yao Januari 1967, jeshi lilipokichoma kijiji wakati wa uasi, na wakazi wote wakahamishiwa kando ya barabara kuu, ndani ya uzio, chini ya ulinzi wa askari. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Masomo yakaishia hapo, kazi ikaanza. Ndani ya uzio hakukuwa na pamba, ila zilikuwepo soksi na sweta kuukuu zilizotupwa na askari. Dokhumi aliziokota, akazichemsha, akazifumua uzi mmoja mmoja. Kisha akajifunga kitanda cha kufumia kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya kibanda, akafuma mfuko wa begani. Aliyeununua ni askari.

"Huu uzi kama naufahamu," askari akasema, akiugeuza mfuko huku na huku.

"Utaufahamu wapi? Miguu yako ina macho?"

Mama yake nusura azimie. Askari alicheka, akauchukua mfuko, na wiki iliyofuata akaleta wenzake wawili. Ndivyo biashara ya Pi Dokhumi ilivyoanza, kwa soksi za watu waliokuwa wakimlinda asitoke.

Familia ilihamia Thenzawl mwaka 1972. Tarehe 22 Februari 1973 aliolewa na Pu Biakliana, seremala. Ni lazima kwetu bibi arusi aende kwa mumewe na nguo nyeusi yenye mistari ya rangi, ambayo hutunzwa sandukuni mpaka siku ya kumfunika mume huyo akifa. Bibi arusi asiye nayo hajakamilika, hata akija na ng'ombe. Yake aliifuma mwenyewe kwa miezi minne. Pu Biakliana, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza, aliwaonyesha rafiki zake sanduku siku ileile ya harusi.

"Tazameni mke niliyepata. Hata chai hajanipikia, nguo ya kunizikia ameshaleta."

"Usihangaike," bibi arusi akamwambia mbele ya wageni. "Itakusubiri. Hiyo haichakai."

Ilimsubiri miaka kumi na sita. Pu Biakliana alifariki Agosti 1989, mlima ulipoporomoka juu ya karakana yake ya mbao. Walijaliwa watoto wawili, Malsawmi na Thanmawia. Siku ya maziko mvua ilinyesha kutoka nyumbani hadi makaburini, na nguo ile ilirowa chapachapa bila kutoa hata tone la rangi. Waliobeba jeneza siku ile wapo hapa, na wanaweza kuulizwa.

Kazi yake ya ufumaji alikuwa ameianza rasmi mwaka 1974, kwa vitanda viwili alivyochongewa na mumewe na kuvitia uvunguni mwa nyumba, katikati ya nguzo. Kufikia 1990 alikuwa na karakana yake ya vitanda kumi na viwili na wafumaji kumi na wawili, naye mwenyewe wa kumi na tatu akisubiri mgonjwa wa siku hiyo ili amshikie nafasi. Asipokuwepo mgonjwa, alikaa kwenye kitanda kikuukuu cha ziada, kile cha ukutani ambako paa huvuja. Mgeni akiingia kumtafuta mwenye mali, alikuwa akiwapita wote kabla ya kumpata.

Aliwafundisha wasichana kila alichokijua, na msichana akishaiva alimsukuma akafungue pake. Jambo hili liliwaudhi wengi waliomtakia mema.

"Pi, unafuga washindani," aliambiwa.

"Nikiufunga mlango, mimi ndiye nitakayebaki ndani," akajibu.

Ilikuwa desturi yake kwamba uzi wowote mpya, hata ukitoka kwa muuzaji wa miaka kumi, uchemshwe kwanza pamoja na kitambaa cheupe na chumvi. Kitambaa kikitoka cheupe, uzi unaingia kazini. Kikitoka na rangi, uzi unarudi kwa mwenyewe, na matusi yanaufuata. Ni kazi ya asubuhi nzima, inanuka, na wafumaji walikuwa wakiikimbia.

Sasa tunafika kwenye nguo.

Mei 1998 harusi zilikuwa nyingi na uzi mweusi ukaisha. Msichana mmoja wa karakana alitumwa jiji la Aizawl kununua. Dukani alikutana na uzi wa bei nafuu, mweusi wa kung'aa, akaununua, na chenji ikampatia viatu. Aliporudi aliambiwa auchemshe. Akasema ameuchemsha, naye hakuwa ameuchemsha, kwa sababu viatu vilikuwa vipya na alitaka kwenda navyo mazoezi ya kwaya. Uzi ule ukafumwa nguo tano nyeusi. Mojawapo ilinunuliwa na Pi Thanzami, ambaye yake ya harusi ilikuwa imeliwa na panya, naye hakutaka kifo kimkute bila nguo wakati mumewe anaumwa.

Pu Kaphranga, mume wa Pi Thanzami na mwongozaji wa kwaya yetu kwa miaka thelathini, alifariki Julai mwaka huohuo. Nguo ilitandazwa juu ya jeneza. Katikati ya safari ya makaburini mvua ikashuka, na rangi ikashuka nayo. Weusi ulitiririka kwenye mbao nyeupe za jeneza, ukapita mikononi mwa wabebaji, ukaingia kwenye mashati yao. Vijana wanne wa kanisa walifika kaburini kama wachoma mkaa. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Pi Thanzami alikuwa akipangusa jeneza kwa kiganja, na kila alipopangusa alizidi kulipaka.

Hakuna aliyemwuliza Pi Dokhumi kitu. Watu walimtazama tu. Alitoka katikati ya wanawake, akasimama mbele ya kaburi, akasema kwa sauti waliyoisikia wote: "Nguo hii ni yangu. Imetoka kwenye karakana yangu na kosa ni langu. Pi Thanzami, nimekuharibia siku isiyorudi." Kisha akavua mtandio wake mwenyewe wa mabegani, akalipangusa jeneza mpaka likatakata kabla halijateremshwa.

Asubuhi iliyofuata msichana wa viatu alimfuata jikoni akilia.

"Ni mimi. Sikuuchemsha."

"Najua."

"Nitasimama kanisani niseme."

"Hutasimama. Una miaka ishirini na mmoja. Wakikushika sasa hutafuma tena mji huu, utaozea jikoni kwa mumeo. Mimi nina mifupa ya kubebea. Karakana ina jina moja tu mlangoni, nalo si lako. Weka maji jikoni."

"Maji ya nini?"

"Ya uzi. Kuanzia leo wewe ndiye mchemshaji. Siku moja utasema, lakini uwe kwanza na kitu cha kupoteza."

Nguo nyingine nne alizifuata mwenyewe kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Bibi arusi mmoja alikataa kuitoa ya kwake kwa jinsi ilivyong'aa, mpaka Pi Dokhumi alipoichovya kwenye beseni mbele ya mama mkwe. Wote wanne walifumiwa nyingine bure. Ile ya Pi Thanzami aliiomba baada ya maziko, akaitundika juu ya mlango wa karakana, kwa ndani, na kila mfumaji amepita chini yake kila asubuhi kwa miaka ishirini na mmoja. Wageni walidhani ni pambo.

Samaki mmoja akioza wote huoza, ndivyo mji ulivyohukumu. Wateja walikata mguu. Vijana walitunga maneno, kwamba nguo ya Pi Dokhumi humlilia marehemu hata kama ndugu hawana machozi. Vitanda kumi na viwili vikabaki vinne vyenye kazi. Hapo ndipo alipokuja Pu Rozama, aliyekuwa akileta nguo za mashine kutoka bondeni, akakaa, akatafuna tambuu yake taratibu.

"Pi, tuwe wakweli. Jina limekufa. Acha kuchosha viuno vya watoto wa watu. Mimi nakuletea nguo tayari, ninyi mnashona kijitambaa chenye jina la Thenzawl pembeni, basi."

"Na mtu akiniuliza nani kaifuma?"

"Nani anauliza siku hizi?"

"Wafu, Pu Rozama. Wafu wananiuliza. Maliza tambuu yako, usiiteme hapa ndani."

Baada ya hapo aliwaita wafumaji wote, akawaeleza ofa ile neno kwa neno bila kuipunguza utamu. Akasema anayetaka kwenda aende, hatamnunia, na atampa kitanda chake aondoke nacho. Anayebaki ajue kwamba hapa uzi utachemshwa. Watatu waliondoka na vitanda vyao. Tisa walibaki, wakafuma mifuko, wakafuma vitambaa vya meza, wakafuma chochote ambacho mtu angekubali kununua kutoka mahali palipochekwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na koleo la Pi Dokhumi lilivunjika mbele ya mji mzima.

Aliyemrudishia jina mjini ni yuleyule aliyeumizwa. Novemba 2001 Pi Thanzami aliingia karakanani bila kubisha hodi. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Nataka nguo nyeusi."

Wafumaji wote wakamgeukia.

"Kwangu?" Pi Dokhumi akauliza.

"Nimezunguka mji huu miaka mitatu. Wengine wote wananiapia kwamba zao hazichuji. Wewe peke yako najua ulifanya nini ilipochuja." Kisha akakunja uso. "Hii nayo itachuja?"

"Ikichuja, nifunike mimi kwa ile ya mlangoni."

Pi Thanzami akatazama juu ya mlango, akaitambua, akakaa chini. Walilia wote wawili, wakanywa chai, wakaanza kugombana juu ya upana wa mistari.

Mwaka 2006 alikuja hapa bwana mmoja kijana kutoka Aizawl kuwafundisha wenye biashara ndogo sifa za kiongozi anayefanikiwa. Aliandika sifa saba ubaoni kwa mwandiko mzuri: maono, ujasiri, nidhamu na nyinginezo. Akamgeukia Pi Dokhumi, aliyekaa mstari wa nyuma.

"Pi, katika hizi saba, wewe unazo zipi?"

"Sijaona hata moja ikija kazini asubuhi, mwanangu. Wanaokuja kazini ni watu."

Ukumbi ulicheka. Kijana naye akacheka, na kwa heshima akampa chaki. Hakuinuka.

"Andika wewe. Andika: anakaa panapovuja. Andika: anasema ni mimi kabla hajaulizwa."

"Hiyo inaitwa uwajibikaji, Pi."

"Iite utakavyo, ila iandike ya kwanza. Hizo zako saba hata tapeli anazo. Maono! Pu Rozama ana maono kunishinda."

Pu Rozama, aliyekuwa mstari wa mbele, ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Ni haki yake hilo nalo lisomwe leo.

Februari mwaka huu alianza kushindwa kula. Madaktari wa Aizawl waligundua saratani ya tumbo, iliyokuwa imeshaenea. Aliuliza maswali mengi, kama mwalimu wake alivyoandika, kisha akaomba arudishwe Thenzawl. Hakulala chumbani. Aliweka kitanda chake cha kulalia karakanani, karibu na ukuta unaovuja, na hata akishindwa kuinua shingo alikuwa anasikia kwa masikio ni nani anayepiga kitanda kwa uvivu, akamtaja jina. Wiki mbili zilizopita alimwita mchemshaji wake wa uzi.

"Una nini sasa cha kupoteza?" akamwuliza.

"Jina, mama mkubwa. Na karakana, ukiniachia. Na wateja."

"Vimetosha. Basi nikifa, useme. Au usiseme, mimi sitakuwepo kukulazimisha. Lakini ile ya mlangoni nifunike nayo. Nilimwahidi Thanzami."

"Ulimwahidi ikichuja, na yake haikuchuja."

"Kubisha umejifunza wapi wewe? Nifunike."

Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2019, saa tatu asubuhi, vitanda vikiwa vinapigwa. Wafumaji waliendelea kupiga mpaka walipomaliza mstari waliokuwa wameuanza, kisha wakaacha. Watu wamesema hilo ni kosa, kwamba mji unapopata msiba kazi zote husimama papo hapo. Kweli, ni kosa. Yeye angewafukuza kama wangeacha mstari nusu.

Ameacha binti yake Malsawmi na mwanawe Thanmawia, wajukuu watano, mdogo wake Pi Rodingi, wafumaji kumi na mmoja wa karakana, na wanawake kumi na tisa waliopita mikononi mwake ambao leo wana milango yao wenyewe, wengine kwenye mtaa huuhuu, na washindani hao hawakummaliza. Waliokwisha kuuliza kama jengo la karakana litapangishwa wanajibiwa hapa, wasije wakasumbuka kuuliza tena kwenye chai ya msiba. Halipangishwi. Litafunguliwa Jumatatu saa moja asubuhi, na uzi utachemshwa.

Limebaki neno moja. Nguo iliyo juu ya jeneza hili ndiyo ile. Wengi wenu mmeshaitambua na mmekuwa mkitazamana. Msichana aliyetumwa Aizawl mwaka 1998, aliyenunua uzi mbovu, akanunua viatu, akadanganya, akanyamaza miaka ishirini na mmoja huku mama yake mkubwa akichekwa, ndiye anayewasomea karatasi hii. Ni Remsangi. Pi Thanzami, uko hapo mbele: si yeye, ni mimi. Kila mlichokisema juu yake, sasa mnajua pa kukipeleka.

Kwa desturi yetu wanawake hawabebi jeneza. Remsangi atalibeba leo, upande wa mbele kulia, na vijana wamekwisha kumwachia nafasi. Mawingu yapo. Mvua ikinyesha na nguo ikitoa weusi uliobaki, utashuka kwenye mikono iliyoustahili tangu mwanzo, na mikono hiyo haitapanguswa mpaka kaburi lifukiwe.

Lala, Pi Dokhumi, umetubeba vya kutosha. Pumzika mahali pasipovuja.